Kompyuta Nzima, Jibu Bovu: Namna ya Kutafuta Ubovu Ulipo

Mtu akiniletea kompyuta iliyokufa, kazi ni nyepesi. Namuuliza ilizimika vipi, nainusa kama kuna waya ulioungua, najaribu chaja nyingine, na mara nyingi kabla chai haijapoa nishajua. Lakini siku hizi kwenye saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti huku Mwembe Tayari, Mombasa, naletewa mgonjwa wa aina nyingine. Kompyuta inawaka, simu ina chaji na bando, programu inafunguka bila matata, ila kazi iliyotoka humo imemtia mtu hasara au aibu. "Fundi, hii kitu mbovu, hebu iangalie." Naiangalia, sioni ila. Ubovu uko pale mtu na mashine walipopokezana kazi.

Kwa hivyo swali langu la kwanza ni lile lile kwa kila mteja, awe ametumia Excel ya kupangia majedwali, apu ya mikopo au hii akili mnemba inayojibu kila kitu: ni hatua gani ya kufikiri iliyokuwa yako, ukaiachia mashine? Anayeweza kunionyesha hatua hiyo kwa kidole, nusu ya tatizo lake imekwisha. Wengi hawawezi, na siwalaumu, maana hatua hizo huondoka kimyakimya. Hapo ndipo tunapoanza na dalili.

Jibu limenyooka, lina majina na tarehe, lakini ukilitafuta halipo

Hii ndiyo inayoletwa zaidi. Mwanafunzi ameorodheshewa vitabu, anakwenda maktaba, hakuna hata kimoja. Mwingine ameandikiwa kifungu cha sheria, anamwonyesha wakili, wakili anacheka.

Sababu yake ieleweke vizuri, kwa kuwa wengi hudhani ndani ya mashine mna kabati la ukweli, na kwamba safari hii imevuta faili siyo. Hamna kabati. Modeli ya lugha, yaani ile akili mnemba inayokuandikia majibu, imelishwa maandishi mengi mno, ikabaki na ujuzi mmoja mkubwa: baada ya maneno haya, yapi yana uwezekano wa kufuata. Hulitunga jibu kipande baada ya kipande kwa njia hiyo. Jina la kesi ya kweli na jina la kesi ya kubuni hutoka mlango mmoja, kwa sauti moja, na hakuna kengele inayolia pale inapobuni. Zipo zinazopekua intaneti kabla ya kujibu, na hizo zina nafuu, lakini hata muhtasari wao hutungwa vivyo hivyo.

Mwaka 2023 huko New York mawakili walipeleka mahakamani hati iliyotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwako. ChatGPT, programu ya aina hiyo, ndiyo iliyozitunga, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Faini si jambo linalonivutia mimi. Kinachonivutia ni kwamba mmoja wao alipoingiwa na shaka aliiuliza programu ile ile kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu kuwa ni za kweli. Ni kama kumuuliza mchuuzi wa soko la Kongowea kama samaki wake ni wa leo.

Kipimo: chagua kitu kimoja katika jibu, kile ambacho kikiwa uongo kazi yote inaanguka, ukitafute kwa mkono wako mahali pengine. Kikikosekana hicho, usihangaike na vingine tisa. Tupa yote uanze upya.

Umeandika Kiswahili, kimerudi kitu kingine

Mama mmoja anayepika vyakula vya kuuza alitaka mapishi yake yatiwe Kiingereza kwa ajili ya wageni wa hoteli. Katika mstari mmoja aliandika, "Kuna nazi kwa mbuzi." Tafsiri ilipotoka, palikuwa na mnyama na nazi zake. Kwa msomaji wa bara ambaye hakulelewa na tui: mbuzi huyu ni kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia, na "kuna" hapo ni kitendo cha kukuna, unaambiwa ufanye kazi.

Kwenye mbuzi tulicheka. Kwenye saa hatucheki. Mtu anaandika kikao kitakuwa "saa nane", na programu iliyolelewa na Kiingereza inaweza kuweka 8:00, mgeni akafika muda wa saa sita kabla ya watu. Tena kuna "usiku wa Ijumaa". Kwa wazee wa Mji wa Kale siku huingia jua linapotua, kwa hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kijana wa ofisini anaelewa usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Sisi wenyewe tukitatizika tunaulizana, "Unaoamkia, au unaofuata?" Mashine mara nyingi haiulizi. Inashika maana moja na kusonga mbele, nawe huoni mahali ilipokata kona.

Sababu ni chakula ilicholishwa. Kiswahili kilichoko kwenye intaneti ni kidogo ukikilinganisha na Kiingereza, na maneno ya jikoni, ya mashuani na ya barazani mengi hayakuandikwa popote. Dawa ni rahisi kuliko maelezo: saa ziandike kwa mtindo wa 14:00, mwezi utaje kwa jina, kwa sababu 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, na neno lenye maana mbili liongezee mkia. Mbuzi wa kukunia nazi hana kwato.

Kitu kimepotea na hakuna aliyepiga kelele

Fupi, kwa sababu hii kila mwenye saiba anaijua. Unapakia namba za simu za wanachama kwenye Excel, sifuri ya mwanzo inatoweka, kwa kuwa programu imedhani 07 ni hesabu. Unaandika kitu kinachofanana na tarehe, kinageuzwa tarehe. Wanasayansi wa vinasaba waliteseka na hili hadi mwaka 2020 ikabidi baadhi ya jeni zibadilishwe majina rasmi, MARCH1 ikawa MARCHF1, ili jedwali lisizigeuze mwezi wa Machi. (Yaani binadamu ndiye aliyesalimu amri.) Mwaka huo huo, huko Uingereza, karibu wagonjwa 16,000 wa Covid hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani hukoma kwenye mstari wa 65,536 na yaliyozidi hayakuwa na pa kuingia.

Kipimo: hesabu mistari kabla ya kupakia na baada yake, kisha soma kwa macho mstari wa mwanzo, wa katikati na wa mwisho. Ni dakika mbili tu, na karibu hakuna anayezitoa.

Hesabu ni sahihi, uamuzi haukai sawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa niliumbuka mwenyewe.

Chama cha kina mama wa mtaani kwetu kilikuwa na akiba ya kununulia kitu kimoja: tuktuk ya abiria au friza kubwa la samaki. Walizozana wiki mbili. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikawaambia nitawatengenezea jedwali la uamuzi. Vigezo vitatu: faida, usalama wa pesa, na wepesi wa kusimamia. Kila kigezo kina uzito wake, uzito wote ukijumlishwa ni 10, na kila chaguo linapewa alama kwa kila kigezo. Uzito niliweka 5, 3 na 2. Tuktuk ikapata alama 8, 6 na 6. Friza likapata 6, 7 na 8. Fomula ikazidisha na kujumlisha: tuktuk 70, friza 67. Nikawageuzia kioo waone, nikakunja mikono.

Bi mkubwa mmoja, ambaye hajawahi kugusa Excel lakini ameuza mahamri kwa miaka mingi kuliko umri wangu, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo tano ya faida kaipanga nani?"

"Mimi, bi mkubwa, kwa jinsi nilivyowasikia mkizungumza."

"Basi niwekee nne, na hiyo moja uitie kwenye kusimamia."

Nikaweka 4, 3 na 3. Tuktuk 68, friza 69. Kikao kikaguna. Fomula ilikuwa ile ile, alama zile zile. Jedwali lote, na rangi zangu za kijani, lilikuwa limesimama juu ya namba moja niliyoikisia nikiwa nakunywa soda.

Halafu akaleta la pili, nalo ndilo lililonifunga mdomo. "Na hapo pameandikwa dereva ni nani?"

Hapakuandikwa. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba dereva aliyekuwa akitajwa chini chini ni mpwa wa mweka hazina, na kwamba hakuna mwanachama ambaye angethubutu kumdai hesabu ya jioni. Hicho ndicho walichokizozania wiki mbili bila kukitaja. Nikaombwa nifunge kompyuta yangu, niwapishe.

Tangu siku hiyo, mteja akiniletea jedwali la uamuzi, naligusa mahali pamoja: nahamisha alama moja tu ya uzito kutoka kigezo kimoja kwenda kingine. Jibu likigeuka, basi jedwali halijaamua chochote, limerudisha dhana ya aliyelijaza ikiwa imevaa suti. Kisha namuuliza ni jambo gani ambalo watu wanalinong'ona na halina safu. Zipo pia programu za kuchora hoja, dai juu, sababu chini yake, pingamizi kando, mishale ikiunganisha. Nazipenda kwa kazi moja: zinakuonyesha kwamba sababu zako tatu ni sababu moja iliyobadilishwa kanzu. Lakini kisanduku chenye sababu ya kweli na kisanduku chenye kisingizio vina ukubwa sawa kwenye kioo. Kuvipima ni juu yenu mliokaa mkekani.

Inakubaliana nawe kwa kila neno

Ukiiambia akili mnemba wazo la biashara, inasema ni zuri. Ukirudi na wazo lililo kinyume, nalo ni zuri. Mteja anatoka hapo kichwa juu.

Programu hizi, baada ya kulishwa maandishi, hufunzwa zaidi kwa kufuata majibu ambayo watu waliyapendelea, na watu tunapendelea kuungwa mkono. Ila udhaifu wetu wenyewe ni wa zamani kuliko mashine hizi. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA, ambayo haikuelewa kitu. Ilichukua maneno ya mtu, ikayageuza swali, ikamrudishia: ukisema una huzuni, inakuuliza kuhusu huzuni yako. Katibu wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi, alianza kuzungumza nayo, na baada ya maneno machache akamwomba Weizenbaum atoke chumbani awaachie faragha. Weizenbaum alishtuka, na miaka iliyofuata aliitumia kuonya watu kuhusu kompyuta.

Kipimo: fungua mazungumzo mapya, andika wazo lako kana kwamba ni la mtu mwingine na wewe umeletewa ulipinge. Ukipata sifa pande zote mbili, ulichokuwa nacho ni kioo cha kunyolea. Hata hivyo sisemi usiitumie hapa. Kuiagiza ikupe pingamizi kumi ni kazi inayoifanya vyema kuliko rafiki zako, ambao wanakuonea haya. Kujua ipi kati ya hizo kumi inauma ndiko kunakobaki kwako.

Programu mbili kwenye simu moja, moja ya kuaminika na moja si ya jambo hilo

Kijana anayepeleka wageni kuvua alinijia amenuna: simu imemdanganya saa za maji kujaa na kupwa, mashua imekaa kwenye mchanga. Kuangalia, simu ilikuwa na apu ya jedwali la maji na pia akili mnemba. Yeye aliiuliza ya pili, kwa sababu inaongea vizuri.

Zinatoka kwenye kioo kimoja lakini si ndugu. Jedwali la maji ni hesabu hasa. Mwendo wa mwezi na jua unajulikana, tabia ya bandari imepimwa, kilichobaki ni kujumlisha mawimbi. Kazi hiyo haihitaji hata umeme: mwaka 1872 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kuikokotoa kwa kapi na uzi. Na mvuvi wa huku anaweza kuisahihisha bila mashine yoyote. Anajua bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji mafu, yale madogo, huwa baina yake, na kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Modeli ya lugha ikiandika saa ya maji kujaa bila kusoma jedwali lolote, imeandika sentensi inayofanana na za watu waliosoma jedwali.

Kwa hivyo kabla ya kuamini, uliza: hili limekokotolewa, au limetungwa? Na hata lililokokotolewa lina mpaka wake. Jedwali halijui upepo wa kusi wa siku hiyo imevuma kwa nguvu gani, wala halijui foleni ya feri ya Likoni itamchelewesha mgeni wako hadi maji yamepwa.

"Kompyuta imesema"

Ukisikia neno hili kwa mtu aliyeketi nyuma ya meza, jua hatua iliyoachwa ni kubwa: hakuna tena mwenye uamuzi. Mfano mchungu kuliko yote ninaoujua ni wa posta ya Uingereza. Mfumo wao wa hesabu, Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, ulionyesha mapengo ya pesa kwenye matawi madogo. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 wa matawi hayo walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta nyingi ya hukumu hizo kwa mkupuo. Kila mmoja wa watu wale alikuwa na maelezo. Maelezo ya mtu yakapimwa dhidi ya ripoti ya mashine, na sheria ya huko ilikuwa ikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa hadi ionyeshwe vingine. Sasa muuza stempu ataonyesha nini?

Huku kwetu huja kwa njia ndogo: apu imekunyima mkopo, au mfumo umekukataa, na ukiuliza sababu unaambiwa ni mfumo. Wateja wangu wengi hawajui kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake, na ya kuomba uangaliwe upya. Naandika barua hizo dukani. Inasaidia barua ikiwa fupi: uamuzi ni upi, wa tarehe gani, naomba uangaliwe na mtu. Usiweke machozi.

Ukiulizwa "kwa nini", mkono unakwenda mfukoni

Kijana alikuja kuchapisha barua ya kuomba kazi aliyoandikiwa na akili mnemba. Barua nzuri, haina kosa hata la nukta. Akaitwa kwenye mahojiano, akaulizwa alimaanisha nini alipoandika kwamba anaamini katika "mbinu shirikishi za kimkakati". Alirudi kwangu kunilaumu mimi, mwenye printa.

Programu ilikuwa nzima, na sentensi yenyewe haikuwa ya uongo. Ila hakuna mahali popote kichwani mwake ilipopita. Dalili hii haionekani kwenye kioo, kwa hivyo kipimo chake hakifanyiki kwenye kioo. Chapisha kazi yako, iache mezani, toka nje. Pale mlangoni kwangu kuna muuza viazi karai. Mweleze unachodai na kwa nini, kwa dakika tatu, bila karatasi. Yeye ana swali moja tu kwa kila mtu, "Kwa hivyo?", naye huliuliza akigeuza viazi, bila kukutazama. Mahali utakapokwama ndipo hatua yako ilipo. Rudi ndani uifanye hiyo kwa kalamu, zingine ziache kama zilivyo, hatuna siku nzima.

Anafungua saa kumi jioni, yaani 16:00. Usimwendee mafuta yakiwa yanachemka, na usiende mikono mitupu.